Saa Kumi na Moja Jioni Mtoto Wako Yuko Wapi?

Wazazi wengi wa mjini wanaolalamika kwamba watoto wao ni wavivu hawajawahi kuwapa nafasi ya kuonyesha kwamba si wavivu. Mtoto wa miaka 7 wa Kimara au Tabata, Dar es Salaam, anaamshwa saa 10 na nusu alfajiri. Gari la shule linampitia kabla jua halijachomoza, anakaa kwenye foleni, anakaa darasani, anakaa tena kwenye gari, na magharibi ikikaribia anafika nyumbani kukalishwa mezani amalize kazi za shule. Kisha anaoga, anakula, analala. Kutwa nzima miguu yake imefanya kazi pale tu alipokuwa akihama kutoka kiti kimoja kwenda kingine. Jumamosi akijitupa kwenye kochi na rimoti mkononi, tunasema huyu hapendi kujishughulisha.

Mtoto wa miaka 3 hafundishwi kukimbia. Kazi ya mzazi wake ni kumkimbilia. Hamu ya kuruka, kupanda, kusukumana na kufukuzana anazaliwa nayo, na ikiwa kufikia miaka 12 imezimika, basi kuna mahali ilizimwa. Nimekuwa nikiwasikiliza wazazi wakiuliza wamnunulie mtoto kifaa gani cha mazoezi, au wampeleke akademi ipi, na kila mara naona swali limeanzia mbali. Kinachomtoa mtoto nje ni mambo ya kawaida kabisa: wenzake wa kucheza nao, mahali pa kuchezea, muda ambao haujapangiwa kazi nyingine, na mtu mzima asiyemkemea kila akinyanyua mguu. Ushauri wangu mwingi hapa ni wa kuondoa vizuizi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za harakati zinazomtoa jasho na kumfanya aheme juu juu, na walau siku 3 kwa wiki ziwe za harakati kali zinazoimarisha misuli na mifupa, kama kukimbia kwa kasi, kuruka na kupanda. Mwaka 2019 watafiti wa shirika hilo walichapisha hesabu iliyokusanya vijana wa shule milioni 1.6 kutoka nchi 146. Waligundua kwamba vijana 81 kati ya kila 100 wenye miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho mwaka 2016. Hesabu hiyo iliingiza nchi tajiri na maskini, na katika karibu nchi zote hali ya wasichana ilikuwa mbaya kuliko ya wavulana. Saa moja si nyingi. Mchezo mmoja wa kombolela na mmoja wa rede, saa imekwisha na watoto wanaomba waongezewe.

Michezo hiyo yote inahitaji watu. Rede haichezwi na mtoto mmoja, kidali po haichezwi na mtoto mmoja, na chandimu inataka walau watoto wanne na mpira, hata ukiwa wa makaratasi na kamba. Ndiyo maana baiskeli ya gharama iliyonunuliwa sikukuu hupata vumbi chini ya ngazi baada ya wiki mbili: mwenye baiskeli yuko peke yake ndani ya ukuta. Mzazi anadhani mtoto amechoka baiskeli, kumbe mtoto amechoka upweke. Kabla ya kununua chochote, mtafutie mtoto wako wenzake. Fungua geti waingie watoto wa jirani. Watapiga kelele, watavunja ua moja au mawili, watakunywa maji mengi. Vumilia. Mtoto anayejua kwamba wenzake watatu wanamngoja nje haambiwi mara mbili azime televisheni.

Hapa utaniambia kwamba zama zimebadilika, na kwamba mtoto wa leo hawezi kuachwa nje kama tulivyoachwa sisi. Hofu hiyo naiheshimu. Pikipiki zinapita uchochoroni kwa kasi, na habari za watoto waliodhuriwa na watu wazima, tena wakati mwingine watu wa karibu, si uzushi. Lakini kumfungia mtoto mmoja mmoja ndani hakuondoi hatari. Kunahamishia mtaa mikononi mwa wenye pikipiki na wasio na watoto. Watu wa pwani walilijua jibu zamani, nalo ni baraza. Palipokuwa na mzee aliyekaa kibarazani na kahawa yake, au bibi anayesuka ukili, watoto walicheza mbele ya macho ya mtu. Hakucheza nao wala hakuwasimamia. Alikuwepo tu, na kila aliyepita alijua anaonekana.

Hilo linaweza kurudishwa bila gharama. Chukueni familia nne au tano za mtaa mmoja, au za jengo moja la ghorofa, mgawane siku. Jumatatu mama fulani anatoa kiti chake nje kuanzia saa 11 hadi saa 12 na nusu jioni, anachambua mchele wake au anajibu simu zake huku watoto wanacheza. Jumanne baba mwingine. Kila mzazi anakaa siku moja na mtoto wake anapata siku nne au tano. Kubalianeni mapema mipaka ya uchezaji, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na kwamba hakuna mtoto anayeingia nyumba ya mtu bila mzazi wake kujua. Wafundisheni watoto kwamba mtu mzima yeyote akiwaambia waifiche siri, hiyo ndiyo siri ya kuja kusema nyumbani. Kwa maandalizi hayo, hatari inakuwa ndogo kuliko ya mtoto aliyebaki peke yake chumbani na simu.

Kuhusu magari, tusidhani kwamba ajali ni mapenzi ya Mungu tu. Dar es Salaam ndiko shirika la Amend lilikoendeshea mpango wa SARSAI, wa kukagua barabara zinazozunguka shule za msingi na kuzirekebisha kwa vitu rahisi: matuta, vivuko, njia za pembeni za waenda kwa miguu, nguzo za kuzuia magari yasipande wanapopita watoto. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Mtaa wenye shule usio na tuta hata moja unaweza kuandika barua kwa wakala wa barabara, TARURA, kupitia ofisi ya serikali ya mtaa. Barua yenye sahihi za wazazi 60 husomwa tofauti na malalamiko ya mzazi mmoja dirishani.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana vizuizi vingi viko huko. Jisikilize kwa siku moja tu unavyozungumza na mtoto wako. Tulia. Shuka hapo. Utaanguka. Usikimbie, utachafuka. Kaa chini kama mtoto mwenye adabu. Kila katazo peke yake lina sababu yake, ila yakijumlishwa, mtoto anaelewa kwamba mtoto mzuri ni yule asiyetikisika. Tunafurahi mgeni anapotuambia, "Mtoto wako mtulivu kweli." Mtengee mtoto nguo za kuchezea, zile zilizopauka ambazo hutajali zikichanika, na umwambie wazi kwamba akizivaa hizo ruhusa ya kuchafuka anayo. Kama una kiwanja kidogo, usikifunike chote kwa vigae vya saruji. Acha hata hatua kumi za mchanga. Goti likichubuka, lioshe kwa maji na sabuni na umrudishe kwenye mchezo bila hotuba.

Binti yako naomba umtazame kwa makini zaidi. Saa ile ile ya jioni ambayo kaka yake anatoka na mpira kwapani, yeye anaosha vyombo, anamshika mdogo wake, anachota maji, anakatakata mboga. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kwamba msichana asicheze. Amepangiwa kazi zake katika saa pekee ambayo mchezo unafanyika. Mtu atasema kazi hizo nazo ni mazoezi. Kubeba ndoo ni kazi ya mwili kweli, na mtoto wa kijijini anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule na kurudi hana haja ya kuhubiriwa habari za hatua. Lakini ndoo haina kicheko, haina mbinu, haina wenzake wa kushindana nao, na hakuna msichana anayekua akitamani kuendelea kuibeba akiwa na miaka 30. Gawa kazi upya. Vyombo vya mchana vioshwe na kaka, maji yachotwe asubuhi ya Jumamosi na wote wawili, na saa 11 jioni binti naye awe huru. Ni mabadiliko ya dakika chache kwenye ratiba ya nyumba, na kwa watoto wengi wa kike hayo peke yake yanatosha.

Baadaye unakuja umri wa kuvunja ungo, na hapo ndipo wengi wanaacha kabisa. Mara nyingi sababu hazisemwi. Anaogopa damu itaonekana kwenye sketi. Matiti yanamsumbua akikimbia, na wavulana wanapiga miluzi. Hana sidiria inayombana vizuri, na anaona haya kuiomba kwa baba. Mama, shangazi, dada mkubwa: zungumzeni naye kabla hajaacha. Mnunulieni taulo za kike za kutosha, suruali nyeusi ya michezo na sidiria ya kukimbilia. Mwambieni kwamba kucheza wakati wa hedhi hakumdhuru, na kwamba wasichana wengi maumivu ya tumbo huwapungua wakijinyoosha na kutembea kuliko wakijikunja kitandani. Na pale stara ndiyo inayowafanya wazazi wasite, kama ilivyo kwa familia nyingi za Unguja, Tanga na Mombasa, sheria za michezo zenyewe zimeshafungua njia. Soka iliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, na mpira wa kikapu mwaka 2017. Binti anaweza kuvaa suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na hijabu iliyobana kichwani, akacheza mpaka akatosheka. Kama tatizo ni kutazamwa na wanaume, ombeni shule iwatengee wasichana uwanja siku mbili kwa wiki, na mwalimu wa kike awasimamie.

Shuleni kuna jambo linaloniumiza kuliko yote, nalo ni kuyageuza mazoezi kuwa adhabu. Mwanafunzi amechelewa, anarushwa kichurachura kutoka getini hadi mstarini. Amepiga kelele, anazungushwa uwanja mara kumi. Amesahau daftari, anapiga pushapu mbele ya wenzake huku wakimcheka. Kisha Ijumaa mwalimu yule yule anatangaza kwamba leo ni siku ya michezo na kila mtu afurahi. Mtoto aliyejifunza kuunganisha jasho na aibu atalikimbia jasho hata akiwa mtu mzima. Walimu, nawasihi, tafuteni adhabu nyingine. Wala msimnyime mtoto mtukutu mapumziko yake. Huyo ndiye anayeyahitaji kuliko wote, na akitoka nje dakika 20 akarudi, somo la saa 5 litakwenda vizuri zaidi.

Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba, lakini mitihani ikikaribia kinaliwa na hisabati au sayansi. Baadhi ya wazazi hushangilia, kwa sababu wanaona mchezo unaiba masomo. Tafiti za muda mrefu hazioneshi kwamba muda unaotolewa kwa michezo shuleni hushusha alama; mara nyingi watoto hurudi darasani wakiwa makini zaidi. Macho nayo yamo. Huko Guangzhou, China, watafiti walichukua shule za msingi 12, wakaongeza katika 6 kati yake dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miaka 3, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa takriban 30 kati ya 100 kwenye shule zilizoongezewa muda wa nje, na karibu 40 kati ya 100 kwenye zile nyingine. Mzazi anayelipia tuisheni kila jioni ajiulize kama hainunui miwani pia. Siku mbili za tuisheni kwa wiki zinaweza kupunguzwa bila mtoto kufeli.

Halafu kuna suala la vipaji. Mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA yanafanya kazi njema ya kuwaibua wanaokimbia na kucheza vizuri kuliko wengine. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, nilifurahi kama Mtanzania mwingine yeyote. Ila maandalizi ya timu ya shule yasiwe sababu ya watoto 700 kukaa pembeni wakiwapigia makofi wenzao 15. Mtoto mnene, mtoto mfupi, mtoto anayekosa mpira kila ukipigwa, hao ndio wanaoachwa hadi mwisho timu zinapogawanywa, na wakishachekwa mara tatu hawarudi tena. Kwa hiyo usiwaache manahodha wachague. Gawa timu kwa kuhesabu namba. Chagua michezo ambayo aliyetolewa anarudi upesi. Na wewe mzazi unayesimama pembeni ya uwanja ukimpigia mtoto kelele apige, atoe, arudi, nyamaza. Swali la kumuuliza akirudi nyumbani ni kama alifurahi, na kama atacheza tena kesho. Mtoto anayejipima na alivyokuwa mwezi uliopita, aliyeweza kuruka kamba mara 5 na sasa anaruka 30, ana sababu ya kuendelea ambayo hakuna nahodha anayeweza kumnyang'anya.

Simu na katuni sitazizungumzia kwa kirefu, kwa sababu naziona ni matokeo zaidi ya chanzo. Skrini hushinda pale ambapo iko mkononi, uwanja uko mbali na wenzake wamefungiwa. Kwa wadogo mwongozo uko wazi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Kwa wakubwa, panga kwamba skrini inawashwa baada ya kucheza nje, na simu yako nawe uiweke chini saa hiyo. Siku ya mvua, washa singeli sebuleni na sogeza meza. Robo saa ya singeli itamtoa jasho mtoto yeyote, na mama yake pia.

Na hilo la mama, la mzazi kujishughulisha pamoja na mtoto, lina uzito. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi kitaifa, na vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vilikuwa vikijaza barabara alfajiri kwa nyimbo na fulana za rangi moja. Ni jambo la kupendeza, lakini watoto wamelala nyumbani na dada wa kazi. Ninyi mnaokimbia, rudini nyumbani saa 1 na nusu muwaamshe, mzunguke nao mtaa mara moja zaidi kwa mwendo wao. Nendeni nao sokoni kwa miguu. Mtoto hahitaji mzazi mwenye kasi; anayeshindwa kumkamata mtoto kwenye kidali po ndiye mzazi anayependwa kuliko wote.

Yupo mtoto ambaye familia nzima imeamua kumlinda asicheze kwa sababu ya afya yake. Mwenye pumu ambaye dawa zake zimepangwa vizuri anaweza kucheza, na pampu yake ya kuvuta iwe mfukoni mwa mtu mzima aliye karibu. Mwenye selimundu anaweza kucheza kwa kiasi, akinywa maji mara kwa mara, akipumzika mara tu anapochoka, asinyeshewe mvua wala kupigwa na baridi. Mwulizeni daktari wake kliniki mipaka yake ni ipi. Mwenye ualbino acheze asubuhi na mapema au jua likishapungua makali, akiwa na kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua. Mtoto asiyeona anaweza kucheza mpira wenye kengele ndani, na watoto wakishaujua, huomba wafungwe vitambaa machoni ili nao washindane naye. Katazo la jumla, la maisha yote, linalotokana na woga wa nyumbani na si ushauri wa daktari, humwongezea mtoto udhaifu juu ya ugonjwa wenyewe.

Yote haya yanasimama juu ya ardhi, na ardhi inaondoka. Kila mtaa una kiwanja ambacho watu wazima wanakikumbuka, na sasa ni fremu za maduka au gereji. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi shuleni wakakuta ukuta umewatenga na uwanja wao wa michezo. Waliandamana pamoja na wanaharakati wakausukuma ukuta, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi watoto waliovaa sare za shule. Picha zilisambaa duniani, waziri akaja kuomba radhi, na ukuta ukaondolewa. Haikupaswa kufika hapo, wala si lazima ifike hapo mtaani kwako.

Mkutano ujao wa mtaa nenda na swali moja: uwanja wetu uko wapi kwenye mchoro wa mipango miji, na nani mwenye hati? Omba bikoni zionyeshwe mbele ya wakazi. Omba jibu liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, upate nakala, na nakala nyingine ipelekwe kwa ofisa mipango miji wa halmashauri. Kama uwanja ni wa shule, kamati ya shule iulize vivyo hivyo. Wiki hiyo hiyo wazazi wachange nguzo sita za mti wapige magoli mawili, wakate nyasi, waokote vipande vya chupa, na wapange zamu ya kukaa pale jioni. Uwanja unaochezewa kila siku, wenye magoli na watu wazima pembeni, ni mgumu sana kuuzwa kimyakimya.